Wigi la Mawakili Watatu

Jumamosi hiyo haki yenyewe ilitikisika, na historia ya mahakama za Ulaya ikapata doa lisilofutika. Kwa maneno mafupi: katika sebule moja ya Kingsbury, London, wigi lilikuwa limeibwa.

Inspekta Gaudensia Ulimboka, mzaliwa wa Mbeya, aliinamia kisanduku cha kioo. Ndani mlikuwa na wigi.

"Sasa kilichoibwa ni nini?"

"Hilo ni la bandia," alisema Lila, mwanafunzi wa historia aliyewaita polisi. "La kweli lilivaliwa na babu, mwana na mjukuu, mawakili wa mji mdogo wa Ufaransa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Makumbusho ya huko yaliniazima kwa utafiti wangu. Leo saa nane nalirudisha. Nisipolirudisha, shahada yangu nimeikosa."

Mlango haukuvunjwa, mwizi alikuwa wa ndani. Na waliolala humo ni watatu: Lila, baba yake Mzee Chandrakant, wakili mstaafu wa Moshi, na Vasanti, mdogo wa Lila, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni. Vasanti ndiye aliyemletea Inspekta chai, kwa adabu zote.

Inspekta akanywa funda moja. Akafungua kisanduku, akalinusa wigi. Akaligusa, vidole vikanata.

"Iliki," alisema. "Na sukari. Limechovywa kwenye chai lipate rangi ya uzee. Mzee, wewe unakunywa chai gani?"

"Ya rangi, mama, bila sukari. Nina kisukari."

"Lila?"

"Kahawa tu, tangu niende Ufaransa."

"Binti, hii uliyoniletea ni ya nani?"

Vasanti alitazama zulia. "Yangu."

"Na wigi?"

"La maigizo ya shule. Nilikuwa hakimu."

"Lini?" aliuliza Mzee.

"Mwezi uliopita, Baba. Nilikutumia mwaliko. Ulikuwa unamsaidia Dada kupanga barua za hao mawakili wafu. Unawajua kwa majina, mpaka vichanga vyao. Mimi niko kidato cha ngapi?"

Mzee alimgeukia Lila kutafuta jibu.

"Wigi la kweli liko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Chumbani kwangu, juu ya meza. Sikulificha. Liko pale tangu Alhamisi, na hakuna aliyefungua mlango."

Lila alipanda ngazi mbio, akashuka nalo kifuani. Mzee naye alipanda, polepole. Yeye hakushuka.

Inspekta alimsukumia Vasanti karatasi. "Andika maelezo yako. Yote."

Maelezo yenyewe ndiyo haya, tangu mstari wa kwanza. Inspekta aliyasoma mpaka hapa, akayarudisha.

"Mbona umejificha nyuma ya jina la Vasanti, kama mtu aliyekuwa anapita njia tu?"

Basi, Inspekta. Vasanti ni mimi. Niliiba kwa wivu, na Baba bado yuko chumbani kwangu.