Miche ya Bibi Arusi

Ponnuthayi alipika uji wa ulezi, kisha akapanda mlima kwenda shambani na mama mkwe wake, Vellaiyammal. Kwenye milima hii ya Palani, migomba ndiyo riziki yetu. Zilikuwa zimebaki siku nne binti wa Ponnuthayi, Thenmozhi, aolewe. Na kwetu bibi arusi huenda na miche mitano kutoka shamba la kwao.

"Chimbua haya," alisema Vellaiyammal. Alionyesha machipukizi ya mgomba mfupi. Majani yake yalikuwa membamba, yamesimama wima na kusongamana kileleni.

"Mbona mgomba huu umedumaa, mama?"

"Mvua tu hizo. Unataka mjukuu wangu aende mikono mitupu?"

Jirani yao Rasathi, mfanyakazi wa ofisi ya kilimo, alikuwa anapita.

"Weka jembe chini, dada! Mgomba huo una virusi."

Aliwaonyesha vistari vya kijani kilichokolea kwenye vikonyo vya majani. Chini yake walijaa vidukari, wadudu wadogo weusi.

"Hawa wananyonya mgomba mgonjwa, wanaambukiza mzima. Na machipukizi yake yote yanaugua, hata yanayopendeza."

"Si utupe dawa?"

"Haiwezekani kuuponya, bibi. Nyunyizeni dawa ya kuua vidukari kwanza, wasihamie kwingine. Kisha ng'oeni mgomba na tunguu lake lote la chini ya udongo, mkatekate, ukauke."

Vellaiyammal alifoka. Akikasirika bibi huyu, hata mbuzi humpisha njia.

"Ning'oe mgomba ambao haujazaa, na arusi iko mlangoni? Mkosi huo!"

"Mkosi ni kumpelekea Thenmozhi ugonjwa. Migomba ya wakwe zake ikifa, atalaumiwa nani?"

Maneno hayo yalimchoma bibi, maana alimpenda mjukuu wake kuliko desturi zote.

"Lete jembe," alisema. "Nitang'oa mwenyewe."

Walinyunyiza dawa, wakang'oa migomba yote yenye dalili, kumi na mmoja. Rasathi aliwapatia miche safi iliyokuzwa maabara. Thenmozhi akaenda kwa mumewe na mitano. Kila wiki pande zote mbili zilikagua migomba, na wowote wenye dalili uling'olewa mapema.

Mwaka uliofuata mkwe wa Thenmozhi aliwaita. Miche yote mitano ilikuwa imezaa.

"Bibi, onja," Thenmozhi alisema, akimpa ndizi mbivu.

"Ngoja kwanza," alijibu Vellaiyammal. Aliinama, akachungulia kila kikonyo cha jani. Hakuona kitu. Ndipo akala ndizi tatu, akaomba ya nne.