Mfuko wa Kaki wa Nyevu

Wakili Afaf aliporudi kutoka chakula cha mchana, alikuta kufuli la kabati lake la chuma limevunjwa. Faili zilikuwa mahali pake na kompyuta ilikuwa mezani. Kilichokosekana ni mfuko wa kaki alioletewa na Nyevu jana yake.

Ndani mlikuwa na sare aliyoivaa Nyevu siku Kapteni Kenneth alipombaka kambini. Nyevu aliposhtaki, jeshi lilimfukuza yeye, eti kwa utovu wa nidhamu. Kapteni akabaki na cheo chake.

Jana Afaf alikuwa amemweleza Nyevu njia zake za kudai haki. "Kuna mahakama ya kijeshi, lakini huko kapteni atahukumiwa na maafisa wenzake. Kuna polisi na mahakama ya kiraia. Na tunaweza kuishtaki serikali Mahakama Kuu, udai fidia kwa haki zako zilizovunjwa."

"Naanza na polisi," Nyevu alisema. "Nataka asimame mbele ya watu wasiompigia saluti."

Afaf alishuka mbio hadi duka la kanga la Hussam, lililokuwa chini ya ofisi.

"Nani kapanda juu?"

"Jamaa mmoja simjui, kanyoa kijeshi. Kapanda, hakukaa, kashuka. Yule pale ng'ambo."

"Mwengine?"

"Hakuna mgeni mwengine, wallahi. Watu wako tu."

Afaf alivuka barabara ya Biashara bila kutazama magari. "Kenneth ndiye aliyekutuma?"

"Hapana, mama. Mimi ni Sajini Joab. Nilimpeleka Nyevu zahanati siku ile, nikatoa taarifa, nikahamishwa. Nimekuja kuwa shahidi. Nilikuta kabati limeshavunjwa."

"Mbona hukuondoka?"

"Ningeondoka ungesema ni mimi."

Afaf alimtazama, akaamini. Mwizi angekuwa mbali saa hizi. Basi kabati lilivunjwa kabla Joab hajapanda, na Hussam hakumwona mgeni mwengine. *Watu wako tu.* Na jana Nyevu hakuja peke yake.

"Twende Tononoka," alimwambia Joab.

Nyevu alikuwa akiishi huko kwa mjomba wake, Kahindi. Joab alingoja nje. Afaf alipokewa kwa heshima, akakaribishwa kiti, akasema maneno machache kwa makusudi: "Ofisi yangu imevunjwa. Ushahidi umeibwa."

Nyevu alishika ukuta. Kahindi akatikisa kichwa. "Basi yaishe, mwanangu. Shati lenyewe limechanika mkono, lingethibitisha nini?"

Nyevu aliuachilia ukuta.

"Mjomba," Nyevu alisema polepole, "mimi sikukwambia mfuko ule una nini."

"Jana ulimsindikiza," Afaf alisema. "Ulikuwa umeketi nami nikiufungia kabatini. Leo Hussam amekuona ukipanda, asikutaje, kwa kuwa alikuona nasi jana, kwake wewe si mgeni. Liko wapi shati?"

Kahindi aliinamisha kichwa. "Nimempa kapteni mwenyewe, nje ya Ngome ya Yesu. Alinipigia simu. Aliniahidi atamwingiza mwanangu jeshini."

"Mwanao!" Nyevu alipiga kelele. "Unajua mtu yule alivyonifanya, kisha unampelekea mwanao?"

"Nilidhani nalinda nyumba hii—"

"Mimi si wa nyumba hii?"



"Kapteni ameharibu ushahidi kwa kukutumia wewe," Afaf alisema. "Hilo ni kosa jengine juu ya lile la kwanza. Nawe una lako la kujibu, mzee. Simu yako itakuwa na namba yake."

Kahindi alimgeukia wakili, akitafuta huruma. Hakuipata. Nyevu alikuwa ameshavaa viatu.

"Simama, mjomba. Utayasema haya haya polisi, mimi nikisikia."

Wakaingia kituoni wanne, Joab nyuma yao. Afisa wa zamu aliinua macho. "Mlalamikaji ni nani?"

"Mimi," Nyevu alisema, kwa sauti iliyowafanya watu wote wa foleni wageuke.