Maji ya Borken

Majira yote ya baridi, Synne aliamka kabla jua halijachungulia juu ya milima ya Valdres. Alivaa soksi mbili mbili na kofia ya sufu, akabeba ndoo za maji ya uvuguvugu kutoka jikoni hadi bandani kwa farasi wao, Borken. Bomba la bandani lilikuwa limeganda. Hori la uani nalo lilishika barafu nene, mpaka uivunje kwa kisogo cha shoka. Kazi hiyo alipewa na bibi yake, Borghild, naye aliipenda kwa moyo wote. Borken alikuwa farasi mnene wa rangi ya mchanga, na kila Krismasi ndiye aliyewavuta kwenda kanisani kwenye sleji, gari la kuteleza lisilo na magurudumu, theluji ikiruka pande zote.

Kisha wakaja wageni. Tiril na kaka yake Eskil, rafiki zake Synne wa mjini, walifika wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, na nyumba haikukalika tena kwa vicheko. Walioka biskuti za tangawizi wakaunguza nusu yake. Waliteleza kwenye ziwa lililoganda mpaka mashavu yakawa mekundu.

Asubuhi moja Synne alitoka na ndoo zake, akamkuta Eskil mlangoni amening'iniza viatu vya kutelezea begani. Alikuwa amechoka kungoja.

"We naye, unambembeleza farasi kama mtoto mchanga," Eskil alisema. "Theluji imejaa uani. Si atalamba?"

"Bibi akijua atanila nyama."

"Basi mwachie nisse," Tiril akadakia. "Si ndiyo kazi yake?"

Wote wakacheka. Nisse ni kile kijizee chenye kofia nyekundu ambacho wazee husema kinaishi bandani, kinapenda farasi kuliko kitu chochote, na kila mkesha wa Krismasi lazima kiwekewe bakuli la uji wa mchele wenye siagi. Synne hakukiamini hata kidogo. Hata hivyo aliweka ndoo chini, akamfungulia Borken mlango wa uani akalambe theluji, akakimbilia ziwani.

Jioni, Bibi Borghild alikuwa akikanda unga. Aliuliza bila kugeuka kama Borken amekunywa.

"Amekunywa, Bibi. Ndoo zote mbili."

Uongo ulitoka laini kama siagi, hata Synne mwenyewe akashtuka. Lakini biskuti zilikuwa mezani na Tiril alikuwa akimwita, akasahau. Asubuhi iliyofuata alisema vivyo hivyo, na ndoo zilikuwa kavu.

Siku hiyo walikuwa wafunge mganda wa shayiri juu ya mti mrefu uani, kwa ajili ya ndege, maana kule hakuna nyumba inayokula Krismasi bila kuwakumbuka. Ndege wenye vifua vyekundu walikwisha kutua kwenye ua, wakingoja. Synne alikwenda bandani kuchukua kamba.

Borken alikuwa amelala chini. Alikuwa ametota jasho katika baridi ile, anagaagaa, kisha anageuza shingo kulitazama tumbo lake. Farasi aliyezoea kulia kwa furaha akimwona Synne, safari hii hakumtazama kabisa. Synne alikimbia kumwita Bibi.

Bibi ndiye aliyemwinua Borken na kumzungusha uani kwa kamba ya shingo, mpaka gari la daktari wa mifugo, Ragna, likaingia likisukuma theluji. Daktari alisikiliza tumbo upande huu na upande ule. Uso wake ulikunjamana. Akauliza kama farasi anakunywa maji.

"Anakunywa vizuri," Bibi alijibu pale pale. "Mjukuu wangu humpelekea mwenyewe asubuhi na jioni. Huyu hanidanganyi."

Daktari alivua glavu polepole. Alisema kama farasi anakunywa vizuri, basi anahofia utumbo umejisokota. Hospitali ya farasi iko ng'ambo ya mlima, na barabara imefungwa kwa theluji.

"Utumbo uliojisokota sina dawa yake hapa, Borghild," alisema. "Na siwezi kumwacha ateseke."

Ilimchukua Synne muda kuelewa. Alimwona bibi yake akiweka paji la uso kwenye shingo ya Borken. Akaona daktari anafungua mkoba. Ndipo alipoelewa. Walikuwa wanajiandaa kumuua Borken, kwa sababu ya maneno yake.

"Hajanywa," alisema. "Tangu jana hajanywa hata tone. Nilidanganya, Bibi."

Alinyoosha kidole kwenye hori. Kunguru mmoja alikuwa akitembea juu ya barafu yake bila wasiwasi, kama yuko sebuleni.

Bibi Borghild alimtazama mjukuu wake kama mtu asiyemjua. Hakufoka. Synne angependa afoke.

Daktari Ragna alirudisha alichokuwa ameshika mkobani, akatoa mpira mrefu. Alisema nyasi zimekauka tumboni na kuziba njia, na theluji haimtoshi farasi anayekula nyasi kavu kutwa. Alipitisha mpira puani mwa Borken, akammiminia maji na mafuta. Synne alibeba ndoo mpaka mikono ikamwasha. Eskil alitupa viatu vyake vya kutelezea, akashika ndoo ya pili bila neno, na Tiril akashika kamba ya kumtembeza.

Giza lilipoanza kuingia, Borken alisimama, akainua mkia, akaangusha mavi. Watu watano wakashangilia mavi kama zawadi.

Lakini siku zilizofuata Bibi alibeba ndoo mwenyewe. Hakumgombeza Synne, wala hakumwomba msaada, na hilo lilimuuma kuliko fimbo. Mkesha wa Krismasi ndipo alipomkabidhi bakuli la uji wa nisse, pamoja na ndoo mbili.

"Nimezeekea kwenye shamba hili," Bibi alisema, "na sijamwona nisse akibeba ndoo."

Synne aliweka uji kando, akampa Borken maji kwanza. Alingoja mpaka ndoo ya kwanza ikaisha na ya pili ikafika nusu, kisha akarudi jikoni.

"Amekunywa, Bibi. Moja na nusu."

Bibi Borghild alichukua taa, akavaa viatu.

"Nakwenda kutazama," alisema. "Uvivu ningekusamehe siku ile ile, mjukuu wangu. Kila mtu huchoka. Ungeniambia hukumpa maji, tungempa, yakaisha. Lakini nilisema uongo wako kwa mdomo wangu, kwa sababu nilikuamini, na nusura nimuue farasi wangu. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa. Leo nitatazama, na kesho nitatazama. Siku nitakayoacha, utajua nimekuamini tena."

Synne alishika mkono wake, wakaenda kutazama pamoja.