Mkate wa Mnyongaji

Jumamosi ile soko la Croix-Rousse, juu kabisa ya mji wa Lyon, lilifurika, na mikono miwili ikatua juu ya mkate mmoja. Mmoja ulikuwa wa Apolline, mshauri wa lishe, aliyevaa koti la sufu la rangi ya haradali. Wa pili ulikuwa wa Tanguy, mwoka mikate, unga umemganda hadi kwenye nyusi.

"Kaka, ondoa mkono."

"Dada, nimeuoka mimi. Niuondoe niende wapi?"

"Basi niambie una nini ndani."

"Ngano, nafaka ya rai kidogo, maji, chumvi, na chachu niliyoilea miaka tisa. Bibi zetu waliuoka mara moja kwa juma katika tanuri la kijiji, ukawatosha hadi siku ya saba."

"Na hiyo rai ina nyuzinyuzi," Apolline alidakia. "Sukari hupanda taratibu. Mkate mweupe huipandisha mbio."

"Lo! Maneno ya daktari, macho ya mwizi."

"Nipe mkate wangu, mchokozi wewe!"

Tangu hapo, kila jioni mkate wa Apolline ulimngoja kwenye rafu ya duka la Tanguy, na kila usiku simu ililia.

"Umekula, mpenzi?"

"Vipande viwili. Nimejipimia."

"Bahili wa tumbo lako mwenyewe!"

Miezi sita baadaye Tanguy akamwalika chakula cha Jumapili kwa mama yake, ambaye Apolline alikuwa bado hajatambulishwa kwake. Ijumaa Apolline akapitia dukani, akiwa na gauni jipya la kijani mkobani. Tanguy hakuwepo. Mkate wake ulikuwa rafuni, umelazwa chali.

Damu ikamchemka. Kila Mfaransa alijua: zamani waoka mikate waliupindua hivyo mkate wa mnyongaji, ili mtu mwingine asiuguse.

"Kumbe ndivyo anavyoniona," alinong'ona. "Mnyonga wagonjwa."

Akatoka mikono mitupu. Siku tisa simu ililia, hakuipokea. Usingizi pia ulimkataa.

Siku ya kumi, mgonjwa wake Bi Odile, mwenye kisukari, aliingia kliniki kuchukua majibu ya damu. Hakuketi.

"Binti, mkate ule niliupindua mimi."

"Mkate upi?"

"Wa dukani kwa mwanangu, Tanguy. Uliniambia niache mkate mweupe. Mimi! Binti wa mwoka mikate, mjane wa mwoka mikate! Niliposikia mpenzi wake ni wewe, nikaona nimeletewa mnyongaji mezani. Sasa mtoto hali, hata chachu ameisahau. Nisamehe."

Apolline alikuwa ameshashika simu.

"Tanguy?"

"Malaika wangu! Nimekosa nini? Niambie nitubu!"

"Hujakosa kitu. Ni mama yako. Yuko hapa, anajifanya anasoma bango la mboga."

Tanguy akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

"Jumapili ile nilikuwa na swali."

"Uliza."

"Mama anasikia?"

"Kila neno."

"Na asikie. Apolline, utakubali nikuoe?"

Pumzi aliyoibana siku tisa ikamtoka yote.

"Nakubali, mchokozi wewe. Nakubali."

Bi Odile akaliacha bango, akavuta kiti, akaketi.

"Vizuri. Na sukari yangu je, mkwe?"

Apolline alifungua bahasha, akasoma, akajifuta macho.

"Imeshuka, mama."