Mistari Midogo ya Bomba la Sindano

Mwaka 1956 Atuganile alikuwa na miaka arobaini na mitano. Aliishi na mumewe Yotamu katika milima ya Rungwe, kusini mwa mji wa Mbeya. Asubuhi alikama ng'ombe, akachemsha ndizi, kisha akaenda kupalilia kahawa. Majirani walimwita Mama Fanueli. Wachache walikumbuka kwamba zamani alikuwa nesi.

Aliacha kazi alipojifungua mtoto wa pili. Wakati ule mama mkwe aliugua, akawa hawezi kuinuka kitandani, na Atuganile ndiye aliyemwuguza. Miaka kumi na saba ikapita. Mama mkwe akafariki, watoto wakakua. Ndipo ikaja barua kutoka hospitali ya misheni. Wauguzi hawatoshi, barua ilisema. Waliofanya kazi zamani warudi, wajaribiwe miezi mitatu. Kazi ni ya siku nzima.

"Nenda," Yotamu alisema. "Ng'ombe nitakama mimi."

"Wewe? Watakupiga mateke!"

"Watanizoea."

Atuganile akarudi hospitali. Mkuu wa wodi alikuwa Nesi Tekla, msichana wa Iringa ambaye angeweza kuwa binti yake. Dawa nyingi zilikuwa mpya. Atuganile aliuliza majina yake, akayakariri njiani akirudi nyumbani. Kutandika vitanda, kumgeuza mgonjwa, kumwogesha mtoto, hayo yote mikono yake ilikuwa bado inayajua.

Lakini namba za kipima homa hakuziona. Alikisogeza karibu, akakipeleka mbali, akaenda nacho dirishani. Ukungu mtupu. Basi alimshika mgonjwa kwenye paji la uso, akakisia, akaandika.

"Wakijua watanifukuza," alijiambia. "Watasema nimezeeka."

Aliazima miwani ya Mzee Abrahamu wa kanisani. Namba zikacheza, kichwa kikamgonga siku nzima. Akamrudishia.

Wiki ya nne aliletwa mtoto wa miaka miwili kutoka bonde la Usangu. Alikuwa na malaria kali, na kila dawa aliyonyweshwa aliitapika. Mama yake alimkumbatia, akitetemeka kuliko mtoto mwenyewe.

"Mama, vuta kwinini kwenye bomba," Tekla alimwambia Atuganile. "Hadi mstari wa pili. Namfunga huyu kidonda, nakuja kumchoma mtoto sindano."

Atuganile akavuta dawa. Akatafuta mistari ya bomba. Hakuuona wa pili, wala wa tatu. Mama wa mtoto alikuwa akimwangalia usoni.

Angeweza kukisia, kama siku zote. Akamtazama yule mtoto. Akaweka bomba chini.

"Nesi Tekla, njoo. Siwezi kuisoma mistari hii."

Tekla akaja mbio. Akaliinua bomba kwenye mwanga, akahesabu mistari.

"Umevuta mara mbili ya kipimo," alisema kwa sauti ya chini. Akapunguza dawa, na yeye mwenyewe akamchoma mtoto. Kisha akamvuta Atuganile pembeni.

"Tangu lini huoni?"

"Tangu nilipokuja. Niliogopa, mwanangu."

"Nani mwingine umemkisia?"

Atuganile akamwonyesha vitanda vinne. Walipima upya wote. Mgonjwa mmoja, ambaye aliandikwa kuwa hana homa, alikuwa anaungua. Atuganile akalia.

"Sina budi kumwambia daktari," alisema Tekla.

Kesho yake Atuganile alikaa na Tekla kwenye benchi nje ya mlango wa daktari. Alishapanga maneno atakayomwambia Yotamu. Mlango ulipofunguliwa, daktari hakumfukuza. Alimpa kitabu ashike, akamwekea vioo machoni, kimoja baada ya kingine. Ghafla herufi zikasimama, nyeusi na safi.

"Nina ugonjwa gani?" Atuganile alimwuliza Tekla walipotoka.

"Huna ugonjwa, mama. Mtu akipita miaka arobaini, macho huchoka kuona vitu vya karibu. Mlima unauona vizuri, ila kutia uzi kwenye sindano ni taabu. Inatupata karibu sote. Dawa yake ni miwani ya kusomea."

"Mbona ya Mzee Abrahamu iliniumiza kichwa?"

"Ile ni ya macho yake. Hayo yako ni mengine. Mtu anapimwa kwanza, ndipo anapata miwani inayomfaa."

"Na kazi?"

"Mpaka miwani ije, sindano usishike, na kipima homa atakusomea mwenzako. Jambo usiloliona, au usilolijua, sema palepale. Hapa hatumfukuzi mtu kwa kuuliza. Kukisia ndiko kungemwua yule mtoto."

Miwani ilifika baada ya wiki tatu. Siku ya kwanza Atuganile alisoma kila kibandiko cha kabati la dawa, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Wagonjwa wakacheka, naye akacheka pia.

Miezi mitatu ilipoisha, alipewa kazi kamili katika wodi ya wazazi. Asubuhi hiyo msichana aitwaye Yudith alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Atuganile akamlaza mtoto kwenye mizani, akainama, akasoma uzito wake.

"Ratili saba na robo."

"Ni mzima?" Yudith aliuliza kwa hofu.

"Mzima kabisa," alisema Atuganile, akaandika namba kitabuni bila kumwita mtu.