Amri ya Koplo Ezron

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka bondeni, Sekela alikuwa ameshafagia uwanja, amechota maji ndoo mbili na kukoka moto. Kisha alisimama mlangoni kumsubiri baba yake atoke kukagua. Ukaguzi huo haukuwa mzaha. Baba yake, Ezron, alikuwa koplo mstaafu aliyepigana vita vya Kagera, na aliiendesha nyumba yake pale Kinyala kama kambi ndogo. Jembe likikutwa na tope, au ndama akikutwa ndani ya maharage ya jirani, swali lilikuwa moja tu.

"Nani amehusika?"

Aliyehusika alitakiwa kupiga hatua moja mbele na kusema, "Mimi." Ukisema, adhabu ilikuwa kukata mzigo mmoja zaidi wa majani ya ng'ombe. Ukificha, hapo ungemjua Ezron ni nani. "Jeshini, mtu asiyewajibika kwa kosa lake huwaponza wenzake," alipenda kuwaambia watoto wake. Sekela alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na aliyaamini maneno hayo kama alivyoyaamini mahubiri ya Jumapili.

Mwaka huo wa tisini na nne Ezron aliteuliwa kuwafundisha mgambo wa kata. Zamani vijana walikuwa wakijificha mgambo ilipotangazwa, lakini safari hii walijiandikisha thelathini. Kiwanda cha chai kilikuwa kimepunguza wafanyakazi, na kule Mbeya watu binafsi walikuwa wamefungua kampuni za ulinzi. Sharti la kwanza la kampuni hizo lilikuwa cheti cha mgambo.

Mmoja wa vijana hao alikuwa jirani yao, Asifiwe, mtoto pekee wa mjane aitwaye Esnath. Naye alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani. Alikuwa kijana mpole, na kila alipokutana na Sekela njiani alimpokea mzigo wa majani bila kuombwa.

Alhamisi moja ya mwezi wa Aprili, baada ya mvua kunyesha siku nne mfululizo, Sekela alikuwa akikata majani ng'ambo ya mto. Maji yalikuwa yamejaa na kugeuka rangi ya udongo. Akasikia filimbi. Kikosi cha mgambo kilikuwa kinateremka mbio, bunduki za mbao mabegani, baba yake akiwa nyuma yao. Mbele yao, hatua chache tu kutoka alipokuwa Sekela, kulikuwa na daraja la magogo mawili yaliyofungwa kwa kamba. Asifiwe, aliyekuwa wa kwanza, alisimama na kulikanyaga gogo moja kwa ncha ya kiatu.

"Afande!" aliita. "Gogo la kushoto limeoza. Tuzunguke juu, tupite daraja la magari."

"Nimekuuliza?" Ezron alifoka. "Wewe ni kuruta au ni mhandisi?"

"Afande, linabonyea. Njoo uone mwenyewe."

"Kichwa maji wewe! Nimesema mbele! Mbio!"

Asifiwe alimtazama, akapanda. Alipofika katikati gogo lilivunjika. Alianguka kwenye mawe, na mguu wake wa kulia ukabanwa na kipande cha gogo lililomfuata. Alipiga ukelele ambao Sekela hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Wenzake waliingia majini, wakamtoa, wakambeba kwenye machela ya fito hadi barabarani, akapelekwa hospitali Tukuyu.

Sekela alifika nyumbani mbio. Alimsubiri baba yake apige ile hatua moja mbele. Badala yake, jioni ile Ezron aliandika taarifa: kuruta Asifiwe alikuwa akifanya mchezo, akarukia daraja kabla ya kuamriwa, akajiumiza mwenyewe. Aliisoma kwa sauti mezani, akaikunja, akaitia mfukoni.

Wale vijana ishirini na tisa hawakusema neno. Kila mmoja alikuwa anakiwaza cheti chake.

Siku ya pili yake Esnath alikuja. Hakubisha hodi.

"Gwe Ezron! Toka nje!" alipaza sauti uwanjani. "Mwanangu anasema alikuonya, ukamtukana. Wewe unasema alikuwa anacheza. Nani mwongo?"

"Mama Asifiwe, kijana wako hakutii amri," Ezron alijibu kwa utaratibu, mikono nyuma. "Pole sana, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Esnath alimgeukia Sekela. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwanangu, watu wanasema ulikuwa unakata majani pale pale. Niambie wewe. Uliona nini?"

Sekela alimtazama baba yake. Ezron alimkazia macho.

"Sikuona vizuri, mama," alisema.

Esnath alitema mate chini, akaondoka.

Tangu saa ile hasira haikumtoka Sekela. Alimkasirikia baba yake, alijikasirikia na mwenyewe, wala hakujua hasira ipi ilikuwa kubwa zaidi. Asubuhi baba alipotoka kukagua, akaona sufuria halikusuguliwa na kuuliza, "Nani amehusika?", Sekela alihisi damu ikimpanda kichwani. "Mimi!" alijibu kwa ukali uliomfanya mama yake, Alinanuswe, ageuke jikoni. Aliubeba mzigo wake wa adhabu, akayakata yale majani kama mtu anayepigana nayo.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Alinanuswe alipika ndizi, akamchukua Sekela kwenda kumwona mgonjwa. Asifiwe alilala wodini, mguu umefungwa na kuning'inizwa kwa kamba. Juu ya kabati lake kulikuwa na barua. Ilisema jina lake limefutwa katika mafunzo kwa utovu wa nidhamu.

"Hata nikipona, hakuna kampuni itakayonichukua," alisema. "Mlinzi mtovu wa nidhamu, nani anamtaka?" Kisha akamtazama Sekela. "Nilikuona kule ng'ambo, Sekela. Nilipoanguka nilikuwa nakuona wewe. Nikajua, angalau yupo mtu atakayesema."

Sekela alitoka wodini mbio. Mama yake alimkuta nyuma ya jengo, akilia na kuupiga ukuta kwa ngumi.

"Uliona siku ile darajani, siyo?" Alinanuswe aliuliza.

"Niliona na kusikia kila kitu. Asifiwe alimwambia baba gogo limeoza, mama. Alimwambia mara mbili!"

Alinanuswe alikaa chini kwenye majani mabichi. "Nilikuwa nakisia," alisema. "Nami nikanyamaza, kwa kuwa ni mume wangu. Sasa unataka kufanya nini?"

"Kusema. Lakini nitaanza naye mwenyewe."

Jumapili baada ya ibada, Ezron alikuwa uwanjani akipiga buti zake kiwi, maana kesho yake afisa kutoka wilayani, Kapteni Simon, alikuwa anakuja kukagua gwaride. Sekela alisimama mbele yake kikakamavu, mikono imebana mapaja.

"Baba, nani amehusika na mguu wa Asifiwe?"

Brashi ilisimama. "Umesemaje?"

"Alikuambia gogo limeoza. Ukamwita kichwa maji, ukamwamuru apite. Mimi unanikatisha majani kwa ajili ya sufuria, na wewe umemvunja mtu mguu, ukaandika uongo!"

Ezron aliinuka, mkono juu. Alinanuswe alitoka ndani akasimama kati yao. "Mpige," alisema polepole, "halafu uniandikie na mimi taarifa kwamba alijiangusha mwenyewe."

Mkono ulishuka.

"Kesho nitamwambia Kapteni," Sekela alisema. "Nimekuambia wewe kwanza, baba, usije ukasema nimekuteta." Ezron aliokota brashi yake, akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi Sekela alifika kwenye uwanja wa mgambo akiwa amevaa sare ya shule. Gwaride lilikuwa limejipanga. Kapteni Simon, mtu mfupi mwenye sauti nzito, alikuwa ameishika ile taarifa.

"Nimesoma hapa kwamba kuruta alirukia daraja kwa utundu," alisema. "Lakini mama yake amekuja ofisini kwangu mara tatu. Kwa hiyo nauliza mbele yenu. Nani aliona tofauti na hivi?"

Vijana ishirini na tisa walitazama vidole vya miguu yao.

"Mimi," alisema Sekela.

Baadhi yao walicheka. Kapteni hakucheka. "Wewe ni nani?"

"Sekela Ezron. Huyu ni baba yangu." Akavuta pumzi. "Kwanza nilimdanganya mama Asifiwe. Nilimwambia sikuona vizuri. Niliona." Kisha akaeleza yote, neno kwa neno, pamoja na lile la kichwa maji. Hakumwangalia baba yake mpaka alipomaliza.

Kapteni aligeuka. "Koplo Ezron, mtoto wako ni mwongo?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Jasho lilimtoka Ezron ingawa kulikuwa na baridi. Kisha akapiga hatua moja mbele.

"Hapana, afande. Amesema kweli. Nilionywa, nikaona aibu kufundishwa na kuruta, nikaamuru. Na taarifa ile ni ya uongo. Mimi ndiye niliyehusika."

Kapteni Simon aliichana taarifa vipande viwili. "Unajua kinachoniudhi?" alinguruma. "Makosa hutokea. Mimi mwenyewe nimekosea. Lakini wewe unapotoa amri, hawa hawana ruhusa ya kukataa. Ndiyo maana linalowapata ni lazima ulijibie wewe! Usipolijibia, wewe si askari tena, ni mtu mwenye filimbi tu!" Akawageukia vijana. "Na ninyi! Mwenzenu alisingiziwa, mkanyamaza kwa ajili ya cheti. Kesho mnataka mpewe bunduki ya kweli mlinde watu. Mtamlinda nani, kwa moyo huo?"

Siku hiyo hiyo Ezron alivuliwa ukufunzi. Jina la Asifiwe lilirudishwa, na wale vijana waliongezewa wiki mbili za mafunzo.

Kutoka uwanjani Ezron alikwenda moja kwa moja kwa Esnath, Sekela akimfuata nyuma. Mjane alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Ezron alivua kofia.

"Mama Asifiwe, nilimvunja mwanao mguu, kisha nikamsingizia. Nimekuja kuomba msamaha."

Kisu kiliendelea na kazi yake. "Siku kumi napita njiani, wananinyooshea kidole, mama wa kijana mtukutu," Esnath alisema. "Leo unaninong'oneza msamaha mlangoni? Utayasema hayo kanisani, Ezron. Kwa sauti ile ile uliyomtukania mwanangu."

Jumapili Ezron alisimama mbele ya kanisa zima, akasema. Sauti yake ilikwama mara mbili, lakini alimaliza. Esnath hakumpa mkono siku ile. Alimpa jembe. Miezi mitatu yote Asifiwe alipokuwa akitembelea magongo, Ezron alilima na kupalilia shamba la mjane yule kabla ya kugusa lake.

Asifiwe alirudi kwenye mafunzo na awamu iliyofuata. Mguu wake ulibaki na uzito kidogo, ila alimaliza, akapata cheti, na mwezi wa Novemba kampuni moja ya Mbeya ilimwajiri. Siku Asifiwe alipoaga kwenda kazini, Esnath alipita nyumbani kwa Ezron, na kwa mara ya kwanza akaketi kunywa chai.

Alipoondoka, Ezron alimwita Sekela.

"Bado umenikasirikia?"

"Kidogo," alijibu Sekela, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Una haki. Miaka yote niliwafundisha ninyi wadogo kuwajibika, nikadhani mimi mkubwa nimeshamaliza somo hilo. Mwanangu, kadiri unavyopewa mamlaka juu ya watu, ndivyo unavyopaswa kuwa mwepesi wa kusema 'nimekosa mimi', kwa sababu wao ndio wanaoumia ukinyamaza. Siku ukiwa kiranja, au mwalimu, au ofisa jeshini, likumbuke hilo."

Kisha akachukua mundu, akaenda mwenyewe kukata majani ya ng'ombe.