Lingala Isiyokuwa ya Barrière

Asubuhi Butembo ni baridi. Virginie alivaa koti la bwana yake, akakaa mbele ya mlango na lungo ya maharagi. Aliondoa mawe. Aliondoa yale yaliyoliwa na wadudu. Mazuri aliyapeleka sokoni, hata siku zile basoda, askari wenye bunduki, walipofunga barabara kwa barrière. Hivyo ndivyo alivyolisha watoto wake wanne, Jéthro na wadogo wake.

Bwana yake, Stanislas, alikuwa Kinshasa. Mwaka 1998 alipanda ndege na magunia ya maharagi. Alisema, "Wiki mbili tu, ninarudia." Kisha vita ikaanza. Ndege zikasimama. Inchi ikakatwa vipande: Kinshasa upande ule, Butembo upande huu. Wiki mbili zikawa miaka mitano.

Sasa ilikuwa mwisho wa mwaka 2003. Wakubwa walikuwa wamepatana. Ndege zilianza tena kwenda Kinshasa kutoka Beni. Pasta mmoja alirudi na ndege moja, akaleta barua. Virginie aliisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya kila neno.

"Mama Jéthro, nilianguka ku chantier, kwenye tulikuwa tunajenga. Muguu ilivunjika, ikaungana mubaya. Siwezi kupanda ndege peke yangu. Mwenye nyumba anasema nitoke mbele Noël ifike. Kuja unichukue."

Virginie alikunja barua.

"Ninaenda," alisema.

Solange, dada ya Stanislas, alikuwa anamenya viazi pembeni. Kisu kikasimama.

"Wifi, wewe? Kinshasa? Haujafika hata Mangina!"

"Mangina nilifika."

"Juu ya matanga! Ulilala siku moja, ukarudia unalia miguu. Kinshasa ni mbali, wifi. Katikati kuko pori, kuko mito, kuko makabila sijue ngapi. Kila mutu na luga yake. Utauliza njia na luga gani?"

"Lingala. Naijua."

"Ulisomea wapi?"

"Barabarani. Miaka tano napita na maharagi, basoda banasema, mie nasikia. Mie hapana kiziwi, Solange. Neno inaingia tu."

Lakini Virginie hakutaka kwenda bila kupima. Alienda kwa jirani, Mama Hulda. Hulda alikuwa anashona nguo. Zamani aliishi Mbandaka miaka tisa, kwa sababu bwana yake alifanya kazi ya mashua ku mto.

"Mama Hulda, nisikilize kama nasema muzuri."

"Sema, mama."

Virginie alisimama sawasawa. Alitoa kifua mbele, akapaza sauti:

"Yo! Yaka awa! Noki noki! Pesa mai! Fanda na mabele!"

Mashine ya Hulda ikanyamaza. Hulda alicheka mpaka akapangusa macho na kitambaa alichokuwa anashona.

"Unajua umesema nini?"

"Nimesema: mama, karibu, unisaidie na maji, tuikale."

"Hapana! Umesema: Wewe! Kuja hapa! Mbio! Leta maji! Ikala chini ku udongo! Mama Jéthro, ukiongea vile Kinshasa, batu batakimbia, ao batakupiga."

"Lakini ndivyo banasemaka!"

"Banani?"

"Batu ba Lingala."

"Batu gani ba Lingala?"

Virginie alitazama chini.

"Basoda," alisema.

"Basi hauna Lingala. Uko na Lingala ya barrière. Mutu mwenye bunduki hasemi tafazali. Umejifunza kuamuru, haujajifunza kuomba."

Virginie alikaa kwenye kiti kidogo.

"Mama Hulda, nikuambie kweli. Nikisikia ile luga, nataka kukimbia. Kwa ile luga balininyanganya mbuzi mbili, nikiangalia. Namna gani nitaomba nayo?"

Hulda aliacha kucheka.

"Mutoto wangu wa kwanza alizaliwa Mbandaka," alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha, bwana yangu iko ku mto. Jirani mumoja akaingia, Mama Bolumbu. Kiswahili hakujua hata neno moja. Alinishika mugongo mpaka mutoto akatoka. Alikuwa anarudilia tu: 'Yika mpiko, mwana na ngai. Yika mpiko.'"

"Ni kusema nini?"

"Jikaze, mutoto wangu."

"Ni ile luga moja?"

"Ni ile ile."

Virginie alifikiri. Kisha akavuta kiti karibu na mashine.

"Nifundishe ile ya Mama Bolumbu."

"Bien. Kule hauanzi na kuuliza. Unaanza na salamu: Mbote, mama. Kama ni mwanaume: Mbote, papa. Kisha unaomba musamaha: Limbisa ngai. Kisha unasema kwenye unatoka: Nauti Butembo. Mwisho ndiyo unaomba: Nasengi yo lisungi. Ni kusema, nakuomba musaada."

Virginie aliandika maneno nyuma ya barua. Tangu siku ile, kila asubuhi aliyasema akichagua maharagi. Solange alisimama mlangoni, akashika kiuno.

"Bamama, kujeni muone! Wifi anasalimia maharagi!"

"Mbote, mama," Virginie alimjibu. "Limbisa ngai."

"Nikusamehe nini tena?"

Wote wawili wakacheka. Lakini kesho yake Solange pia alikuwa anasema "mbote" akimenya viazi.

Siku moja Hulda aliuliza, "Ukishuka ndege, utamutafuta bwana yako wapi?"

"Nitauliza kwa baba Jéthro ni wapi."

"Hapa Butembo ukiuliza kwa baba Jéthro, hata batoto banakupeleka. Kule nani anamujua Jéthro? Kinshasa banauliza commune, ni kusema mutaa, banauliza avenue, ni kusema barabara, banauliza numero ya nyumba. Barua inasema?"

Virginie aligeuza barua. Haikusema. Hata pasta hakujua nyumba: barua alipewa kanisani.

"Basi usipande ndege bado. Uliza kwanza."

Noël ilikuwa inakaribia. Solange alisema, "Enda tu, Mungu ataonyesha." Virginie alikataa. Alienda ku phonie ya kanisa, ile redio ya kusemea na watu wa mbali. Siku ya kwanza sauti ilikatika. Siku ya pili mvua iliharibu. Siku ya tatu mtu wa kanisa la Kinshasa alisikia, akaahidi kumtafuta Stanislas. Virginie alirudi siku ya nne, siku ya tano, siku ya sita. Alikaa pale kwenye benchi na chakula chake ndani ya kitambaa. Siku ya saba jibu likafika: commune ya Kimbanseke, avenue Lisanga, numero 18, mlango wa rangi ya buluu.

Aliandika kwenye karatasi mbili. Moja akaweka ndani ya kibegi, ingine akashonea ndani ya nguo.

"Kama moja inapotea, ingine iko," Hulda alisema. "Beba na kipande yako, kitambulisho yenye majina yako yote. Na hii koti, acha. Kule ni joto."

Solange alibaki na watoto. Virginie alifika Beni na lori, akapanda ndege. Kwa dirisha aliona pori tu, pori, kisha mto, kisha pori tena. Alisema moyoni, "Kumbe hii yote ni inchi yetu."

Kinshasa, kwenye mlango wa kutokea, soda mmoja mwenye bunduki alinyoosha mkono.

"Mama, yaka awa!"

Virginie alitaka kukimbia. Alisimama. Akaenda mbele yake, akashika karatasi kwa mikono miwili.

"Mbote, papa. Limbisa ngai. Nauti Butembo. Nasengi yo lisungi."

Soda alimtazama. Uso wake ukabadilika.

"Butembo? Mosika!" Mbali sana, alimaanisha. Alisoma karatasi. Kisha akamuita mama mmoja muuza mikate, akamwambia maneno mengi. Yule mama alicheka, akamshika Virginie mkono, akampeleka mpaka kwenye gari la Kimbanseke. Alimuelezea shofere mahali pa kumshusha.

"Melesi, mama," Virginie alimshukuru.

Avenue Lisanga ilikuwa ya mchanga. Aliuliza watu watatu. Kila mara alianza na mbote, na kila mara mtu alisimama kumsikiliza. Saa kumi akaona mlango wa buluu. Akabisha.

"Mbote, papa! Limbisa ngai!"

"Nani wana?" mtu akauliza ndani ni nani, kwa Lingala, kama unavyouliza mgeni.

Virginie alijua sauti ile. Maneno ya Hulda yote yakamtoka kichwani.

"Ni mie. Mama Jéthro."

Ndani fimbo ikagonga chini, mara moja, mara mbili, na mlango ukafunguka. Stanislas alikuwa amekonda. Alimtazama kuanzia kichwa mpaka miguu.

"Tangu lini unasema Lingala?"

"Tangu muguu yako ilivunjika. Vaa viatu, baba Jéthro. Ndege yetu ni siku ya ine."

Siku tatu kabla ya Noël, Stanislas alishuka ndege kule Beni, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bega la Virginie.